Nilimgeuzia Babu Cheni ya Msumeno

Mpendwa Shangazi Noelene,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu gazetini kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo babu yangu atatia saini karatasi za kuhamia nyumba ya wazee mjini, na ninayemhamisha ni mimi, ingawa yeye hajui. Majina yote nimeyabadilisha isipokuwa la mbwa, maana mji wetu ni mdogo, nami ni karani wa halmashauri, nina miaka ishirini na tatu, na kila anayekuja dirishani kwangu kuandikisha mbwa wake ananijua tangu sijaota meno.

Baba yangu alipofariki nililelewa na Babu Merv na marehemu Bibi Joyce, kule juu kilimani ambako nyumba haina cha kuipasha joto isipokuwa jiko la kuni, na kila ilipofika mwezi wa nne, baridi ya asubuhi ilipoanza kuuma vidole, tulikuwa tukipanda pikapu kila Jumamosi, Babu, Bibi, mimi na mbwa, kwenda kutafuta mikaratusi iliyoanguka kando ya mto, na mpaka leo nikisikia msumeno wa mnyororo ukinguruma mbali mate hunijaa mdomoni, kwa kuwa ukizimika tu ndipo Bibi alipokuwa akitenga kopo la chai juu ya makaa, anatupia jani moja la mkaratusi ndani yake, anakung'uta mkate wa majivuni na kuupaka shira, nasi tunakula tukiwa na unga mwekundu wa mbao kwenye nywele kama pilipili ya kusaga. Wakati wa kurudi Babu alikuwa akiangusha sungura wawili watatu, Bibi anawapika na vitunguu, nami nalala nikisikiliza kuni zikipasuka jikoni, na kwa kweli, Shangazi, katika miaka ile sikuwahi kuogopa kitu chochote. Woga umenianza ukubwani.

Katika bonde letu kuna kosa moja ambalo halisameheki. Meno ya cheni ya msumeno lazima yatazame mbele. Ukiifunga kinyume, mashine itanguruma vizuri tu lakini haitakata, itasugua gogo mpaka moshi utoke. Jirani yetu mmoja alifanya hivyo mbele ya watu kabla sijazaliwa, na Babu ndiye aliyempa jina la Rivasi. Alizikwa nalo. Hata mchungaji alijisahau akalitaja kanisani, watu wakacheka kwenye msiba.

Sasa Babu ana miaka themanini na moja, Bibi ametutoka, na Jumamosi tatu zilizopita alinipeleka kwenye mkaratusi mmoja mkavu ndani ya uzio wake, bado umesimama, na juu yake kuna tawi kubwa lililovunjika likabaki limening'inia, lile ambalo watu wa kwetu huliita mtengeneza wajane. Mimi ndiye ninayechapa taarifa za ajali pale ofisini. Mwaka huu nimekwisha kuchapa mbili za namna hiyo.

Nikamwambia, "Babu, lile tawi si zuri."

"Liko hapo tangu Krismasi. Likitaka kuanguka litakuja kwanza dirishani kwako kuomba kibali."

"Tumngoje baba mdogo Graham, atakuja mwisho wa mwezi."

"Graham? Graham anawasha moto kwa rimoti! Nipe hiyo tupa, karani, na uache kunitazama kama fundi anayenipimia jeneza."

Akafunga cheni mpya pale nyuma ya pikapu, akapitisha kidole, akaridhika, kisha akaenda nyuma ya kichaka kujisaidia, na wazee wa umri wake hawarudi upesi, basi nikalegeza nati mbili, nikaitoa cheni, nikaigeuza, nikafunga tena, kwa mikono iliyoijua kazi kwa kuwa ni yeye aliyenifundisha. Nilidhani atakasirika, atatukana, tutarudi nyumbani, na mimi nitapata wiki mbili za kumwita baba mdogo. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Aliporudi aliuwasha msumeno, akauweka kwenye shina, moshi ukatoka. Aliuzima. Alivua miwani, akainama, akaitazama cheni kwa muda mrefu, nami nilikuwa nimejiandaa kwa matusi tu, si kwa sauti ile.

"Nimeifunga rivasi," alisema.

"Inaweza kumtokea mtu yeyote, Babu."

"Mimi hainitokei."

Akanitupia ufunguo wa pikapu. Tangu nizaliwe Babu hajawahi kukaa kiti cha abiria katika gari lake.

Jumatatu alipeleka bunduki yake ya sungura kituo cha polisi, akamwambia sajenti kwamba mtu asiyejua meno ya cheni yanatazama wapi hafai kushika bunduki. Jumatano alimgawa mbwa wetu Tinka kwa jirani. Kisha alimpigia baba mdogo Graham mwenyewe, na baba mdogo akanipigia mimi kwa furaha: "Amekubali! Hatukumlazimisha! Chumba kina kipasha joto cha ukutani, atabonyeza tu." Na mzee amebandika vikaratasi nyumba nzima, "zima jiko," "funga bomba," "leo ni Alhamisi," na juzi aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, kama na mimi nilikuwa nimeona dalili nyingine nikamficha. Nikasema hapana. Nilisema hapana, Shangazi, na nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nikimwambia, atarudi kwenye ule mti, na tawi likimwangukia damu yake iko juu yangu, na hata lisipomwangukia hataniamini tena, na sina mwingine. Nikinyamaza, atakuwa salama. Nimeandika hili neno "salama" mara nne nikalifuta. Nifanye nini?

Karani Mwoga,
Bonde la Tallaroo

*

Karani,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama kwa hasira. Sasa nimekaa.

Kwanza pole, kwa sababu lile tawi uliliona sawasawa. Babu yako alikosea kuhusu ule mti, na ukaidi wake ungeweza kumpasua kichwa. Lakini wewe hukumzuia, binti yangu. Ulimwacha aendelee kujiona sahihi kuhusu mti, ukamfanya ajione hana akili kuhusu cheni. Mzee ameacha bunduki, mbwa na nyumba yake kwa ajili ya dakika tano ulizokuwa na nati mkononi, na alipokuuliza uso kwa uso ukakimbilia vyombo. Hapo ndipo nilipokasirika. La cheni lilikuwa woga. La vyombo lilikuwa uongo.

Nikwambie jambo. Baba yangu alikuwa mpasua magogo ya reli. Nikiwa mdogo tulimjua yuko umbali gani kwa mlio wa msumeno wake, na mama alipanga viazi kwenye sufuria kwa mlio huo. Alipolazwa hospitali kwa ngiri, sisi watoto, watu wazima wenye akili zetu, tuliuza ule msumeno, tukamwambia umeibwa. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Kila majira ya kuni alikwenda bandani, akachukua kitambaa chake cha mafuta ya cheni kilichobaki pale, akakinusa, akakirudisha kwenye msumari. Alimshuku jirani yetu hadi kufa, wakaacha kusalimiana, na sisi tukanyamaza. Nina miaka sabini na mbili na sina tena wa kumwambia. Wewe unaye, na una siku nane.

Sasa sikiliza. Jumamosi asubuhi nenda kilimani. Usipige simu wala usiandike, umekwisha kuandika vya kutosha. Utoe msumeno bandani, uweke juu ya meza mbele yake, ulegeze nati mbele ya macho yake, ugeuze cheni kama ulivyoigeuza siku ile. Aone mikono yako ikifanya, maana maneno matupu atadhani unamwonea huruma. Kisha sema: "Babu, ulikuwa umeifunga sawasawa. Niliigeuza mimi." Ukisikia neno "lakini" linakuja mdomoni, limeze.

Akishaelewa, ndipo umwambie kuhusu tawi, na umwambie kwa sauti, kama mtu mzima. Unafanya kazi halmashauri. Huko kuna mafundi wa kuangusha miti hatari, na namba zao ziko kwenye droo yako. Jumatatu saa mbili mpigie mmoja. Babu asimame mbali na kumkosoa, hiyo itamfurahisha kuliko kukata mwenyewe. Baada ya hapo akate magogo yaliyolala chini tu, na asikate peke yake. Wewe uwe hapo, hatua kumi na tano, simu mfukoni, na ukiona hatari upige kelele. Una koo, litumie.

Mpigie na Graham kabla ya Ijumaa, umweleze yote, hata akikufokea. Karatasi zisisainiwe na mtu aliyedanganywa. Na macho na mikono ya mzee vikapimwe na daktari, kwa sababu miaka themanini na moja ni mingi na hili sikufichi. Inawezekana siku ya kuacha msumeno iko karibu kweli. Basi aiache yeye, kwa akili yake timamu, siku atakayoichagua. Inawezekana hata nyumba ya wazee ataitaka. Aiendee akijijua.

Mbwa mrudishie wewe mwenyewe. La bunduki mwachie yeye na sajenti.

Unaogopa hatakuamini tena. Kwa muda hatakuamini, na utastahili. Atakutukana kwa maneno ambayo gazeti hili haliyachapi. Usilie ili akuhurumie, usikimbilie gari, wala usiguse chombo chochote jikoni. Kaa kwenye kiti. Akimaliza kutukana atanyamaza, na kunyamaza huko kutakuwa kurefu kuliko unavyodhani, mwache. Mtu aliyerudishiwa akili zake anahitaji dakika chache za kuzizoea.

Shangazi Noelene