Kujilinganisha na Bwera

Jumatatu, 2 Februari 2015

Beringi zimekuja, saizi siyo. Zimerudishwa. Mashine mbili za kukoboa kahawa zimesimama uani bila beringi, na wakulima wa mlimani wanapiga simu tangu asubuhi. Wote nimewajibu jibu moja: wiki hii. Sijui kama ni kweli.

Mchana Bosi, Bwana Kule, amerudi kutoka Kampala na habari. Chama cha watengenezaji wa mashine za kusindika na kufungasha mazao kinataka karakana zijilinganishe. Kila mmoja afungue mlango, mwenzake aje aone kazi inavyokwenda, kisha aliye nyuma ajifunze kwa aliye mbele. Sisi wa Kasese tumepangwa na karakana moja ya Bwera, mpakani na Kongo. Bosi amenichagua mimi niende. Anasema Kiswahili changu kitanisaidia na watu wa mpakani. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji huku. Kiswahili ndicho alichoniachia.

Nimefurahi. Miaka yote hii ni kupokea simu na kugawa boliti. Leo nimeonekana mtu.

Jumatano, 4 Februari

Kabla ya kwenda kwa watu, tujipime wenyewe. Ndiyo masharti. Siku nzima nimemfuata kila fundi: anafanya nini, anangoja nini.

Wachomeleaji wanakaa. Wanakaa sana. Wanangoja shafti, vyuma vya mhimili vinavyozunguka ndani ya mashine. Shafti zote zinapita kwa Mzee Masereka, mkerezaji wetu, na mashine ya kukereza vyuma ni hiyo moja, kuukuu, iliyotoka mgodini pamoja naye mgodi ulipofungwa.

Hakupenda. "Wewe nasimama hapo kama askari," alisema bila kuinua macho. "Kama iko swali, uliza."

Sikuwa na swali. Jibu lilikuwa mbele yangu.

Yeye ndiye aliyenileta hapa. Alikuwa akisali kanisa moja na baba. Baba alipofariki, Masereka alimwendea Bosi akamwambia kuna binti anajua hesabu, mchukue. Kisha akanifundisha kusoma vipimo, kwa subira ambayo hana kwa mtu mwingine.

Nimeandika: kazi inakwama kwenye ukerezaji. Jina sikuandika. Nani hajui jina?

Jumanne, 10 Februari

Bwera. Vumbi, bodaboda kila upande, wabadilisha fedha wamekaa vitini kama wenye mji. Karakana iko nyuma ya soko. Mwenyewe ni mama wa Kikongo, Kavira, mpole, mkono wake mmoja una kovu la moto. Wanatengeneza mashine kama zetu za kukoboa, na vifaa vidogo vya kufunga mifuko ya unga kwa joto.

Nilitegemea pawe padogo. Ni padogo kweli. Lakini kazi inatembea. Hakuna fundi anayekaa. Vyuma vimekatwa mapema, kila kitu kina mahali pake, mashine inasukumwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule mpaka inafika mlangoni imeisha. Niliona wivu. Kisha nikatafuta mashine ya kukereza. Hakuna.

Nikamuuliza mkerezaji wake yuko wapi.

"Sina," alisema. "Shafti zinatoka Kampala zimeisha kutengenezwa. Njo maana watu beko kidogo hapa, na kazi inaenda."

"Zikija mbaya?"

"Zinakujaka mubaya mara moja moja. Ninazirudisha. Ninalia kidogo, halafu ninangoja."

Alinipa samaki na ugali wa muhogo. Sikuona ladha; nilimwaza Mzee Masereka. Njiani nilitamani nisingeuliza. Upuuzi. Nilitumwa kuuliza.

Jumatano, 11 Februari

Nimemweleza Bosi kila kitu. Mahali pa vifaa, vyuma kukatwa mapema, usafi. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu tu. Nilipofika kwenye shafti aliacha kuitikia, akanitazama.

Nilimwambia pia kwamba mara nyingine zinakuja mbaya. Nilisema mara mbili. Akauliza kama Bwera wako mbele yetu au nyuma. Nikasema mbele.

Akasema, "Kwa hiyo tunamlipa mzee atucheleweshe."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema neno. Nilinyamaza. Naogopa kazi yangu, na mdogo wangu yuko shule. Huo ndio ukweli, hauna pambo.

Ijumaa, 20 Februari

Bosi ameniita ofisini, akafunga mlango. Mashine ya kukereza inauzwa. Kuna mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mzee ataambiwa Jumatatu. Nisimwambie mtu.

Nimekaa karakanani mpaka jioni nikimsikia Mzee akifanya kazi. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, chini chini. Nimejichukia.

Jumatatu, 23 Februari

Ameambiwa.

Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alitoka ofisini, akarudi kwenye mashine yake, akamaliza shafti iliyokuwa bado imefungwa humo. Akaipima. Akafagia takataka za chuma, akaipaka mashine mafuta kila mahali kama kawaida ya Jumamosi. Wachomeleaji walizima moto wakasimama. Hakuna aliyejua pa kutazama.

Kisha akaja kwenye meza yangu.

"Bosi Kule nasema wewe ndiye ulipima."

"Nilipima, Mzee."

"Ulipima muzuri?"

Sikuelewa ananiuliza kama fundi au kama baba. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaenda. Mkono hakunipa.

Jumamosi, 28 Februari

Lori limekuja kuchukua mashine. Wameivuta juu ya mabomba, watu wengi, matusi mengi. Imekwenda Kongo. Pale ilipokuwa, sakafu ni nyeupe na laini. Bosi anataka paanze kuwekwa vyuma vilivyokatwa, kama nilivyoona Bwera.

Nimepapanga mwenyewe. Nimepapanga vizuri.

Jumanne, 17 Machi

Shafti za Kampala ni nzuri. Nimezipima zote nikitafuta kosa. Aibu kuandika, lakini nilikuwa naomba nipate kosa. Sikupata. Wachomeleaji hawangoji tena. Mashine zinatoka. Wakulima wameacha kupiga simu. Leo tumepeleka moja Kinyamaseke, imewashwa, imekoboa bila kutikisika, mwenye mashine akacheka kama mtoto.

Bosi alikuwa sahihi. Nami nilipima sahihi. Inaniuma zaidi kuliko kama tungekosea.

Alhamisi, 26 Machi

Sasa ni zamu ya Mama Kavira kututembelea. Bosi alimtembeza mwenyewe, akijivuna. Mama Kavira alisifu mpangilio. Aliposimama kwenye sakafu nyeupe aliinama akaigusa.

"Hapa palikuwa nini?"

Bosi akamweleza, kwa furaha, kwamba tumefuata mfano wake. Mama Kavira hakucheka. Bosi alipoitwa kwenye simu, akanigeukia.

"Na ule mutu wa mashine?"

"Amekwenda Mubuku. Shemeji yake ana shamba la mpunga la kukodi."

"Muzee?"

"Mzee."

Alifuta vumbi la sakafu vidoleni. "Mimi sikufukuza mutu, mama. Nilianzaka bila yeye. Haiko kitu moja." Kisha akasema, "Ulikuja kwangu ukauliza mambo mingi. Hii ya mutu hukuuliza."

Ni kweli. Haikuwamo katika maswali ya chama. Lakini mdomo ni wangu, si wa chama.

Ijumaa, 10 Aprili

Chama kimesifu karakana yetu. Wanataka niende Kampala nikawaeleze wengine tulivyofanya. Bosi amenipandisha cheo, msimamizi wa karakana nzima. Wachomeleaji walinipongeza. Wananiogopa sasa, nimeona. Nikipita wanaacha mazungumzo. Nikisimama mahali, mtu anajifanya ana kazi.

Nimemwambia Bosi siendi Kampala. Akauliza sababu. Nikasema sitaki kufundisha nisichokipenda. Alikasirika. Cheo hakuninyang'anya. Mimi pia sikukirudisha.

Nimesikia mke wa Mzee ameacha nyumba ya Kasese na kumfuata shambani.

Jumapili, 19 Aprili

Baada ya ibada nimekwenda Mubuku. Nilibeba sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Mke wake alipokea, akashukuru, akaninyooshea mkono kuelekea majarubani, kwenye mpunga.

Alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, suruali imekunjwa. Amekonda. Nilimsalimu kutoka juu ya tuta. Akaitikia. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kasese: pole, nisamehe, ningesema neno siku ile. Nikaanza.

"Wacha," alisema. Hakusema kwa hasira. "Leo iko zamu yetu ya maji. Ikipita, mupaka wiki ingine."

Basi nikaacha. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kanisani. Alifungua mfereji kwa jembe, tope likaanza kuhama. Hakunitazama. Nilidhani amenisahau, nikataka kuaga.

"Maji ikifika kwa ile kona," akasema, "funga."

Nilivua viatu, nikashuka. Tope lilikuwa baridi. Nilikwenda mpaka konani, nikachukua jembe la mke wake lililokuwa limelala pale, nikangoja. Yeye alikuwa upande wake, mimi upande wangu. Milima ilikuwa imefunikwa na mawingu. Maji yalikuja polepole, yakazunguka mashina ya mpunga, yakafika.

Nikafunga.