Kidole cha Nne

Jumatatu, 7 Agosti 1950

Nzuki mchongaji kaja mahakamani leo. Hana kesi – ana barua. Imetoka makumbusho ya Nairobi, Kiingereza kitupu, kurasa tatu. Kaona karani wa mahakama ya Ikutha ndiye mtu wa kuisoma. Nami nikaona hivyo hivyo! Miaka kumi na saba natafsiri mbele ya wazee, Kikamba, Kiswahili, Kiingereza, sijakosolewa hata siku moja. Nikavaa miwani kwa madaha kama jaji.

Wanataka awachongee mifupa. Si ya mtu wala ya ng'ombe. Ni mnyama aliyekufa zamani mno, mifupa yake imegeuka mawe huko Ulaya. Jamaa ya mamba na kenge, lakini akiruka angani. Nikatafsiri "mjusi wa kuruka". Nzuki akauliza kama hayo yamo kwenye barua au ni chumvi yangu.

Wanataka wawili, kila mmoja hatua mbili toka ncha ya bawa hadi ncha. Mmoja ana mkia mrefu, mwenzake mkia kama hakuna. Bwana wa makumbusho atapita mwenyewe tarehe 28 kuwatazama. Wakimpendeza, Nzuki ataajiriwa Nairobi kuchonga mifupa ya kila aina. Hapo aliniomba nirudie. Nikarudia. Miaka ishirini anachonga twiga wa kuuzia abiria wa treni pale Kibwezi. Anasema siku hizi akimwona twiga wa kweli porini humpa mgongo.

Kuhusu bawa: vidole vitatu vya kwanza ni vifupi, vina kucha. Bawa linashikwa na kidole cha nne, kirefu kuliko mkono wenyewe. Cha tano hakuna. Nzuki akautazama mkono wake, akacheka. Basi huyu hawezi kushika jembe, akasema. Sikuuelewa mzaha huo. Nikacheka kwa adabu.

Jumatano, 9 Agosti

Mji mzima unajua. Rashid mchinjaji kanisimamisha njiani: huyo mnyama ni ndege au si ndege? Nikamwambia ana meno. Basi ni popo. Nikamwambia popo hutandaza vidole vyote ndani ya bawa, huyu anatumia kimoja tu. Rashid akafikiri sana, mwisho akatoa hukumu kwamba haliwi. Nikamwambia ni jiwe, Rashid. Akasema hata hivyo.

Mishi, mke wangu, kasema ni popo aliyekosa malezi.

Nzuki ndiye kaelewa upesi kuliko sisi sote. Anasema hawa ni mbai mbili, yaani koo mbili, kama sisi watu. Usitazame mkia peke yake, mtu hajulikani kwa shati. Tazama kiganja: wa mkia mrefu ana mifupa mifupi ya kiganja, wa mkia mfupi anayo mirefu. Nikarudi kwenye barua. Kweli, imeandikwa hivyo ukurasa wa tatu! Mimi niliyeisoma sikuiona. Yeye asiyeisoma kaiona.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimeshinda kwa Nzuki. Anatumia mti wa mukau, hauliwi na mchwa. Kila mfupa peke yake, kisha anaunga kwa vijiti na gundi ya ngozi iliyochemshwa. Barua ilisema mifupa yao ilikuwa mitupu ndani ili wawe wepesi, basi naye anaitoboa ndani. Nikamuuliza nani ataona? Akasema mnyama mwenyewe ataona.

Kwenye kifundo cha mkono kuna kijiti kidogo cha mfupa kinachoelekea shingoni. Hakuna mnyama mwingine mwenye nacho. Nzuki kakichonga mara tatu. Picha waliyoleta pamoja na barua haimsaidii sana – mnyama kachorwa kwa ubavu, mkono umekunjwa, vidole vimelaliana kama watoto kitandani. Kwa hiyo anafuata maneno yangu tu.

Nilijisikia mtu mkubwa. Ninaandika hili nione haya baadaye.

Jumapili, 20 Agosti

Mafua. Mishi ananicheka.

Alhamisi, 24 Agosti

Ya Rabi.

Kesi ya mbuzi asubuhi. Mzee Mutie anatoa ushahidi: mbuzi wa nne ndiye mwenye pembe iliyovunjika. Wazee wakataka awahesabu. Akainua mkono, akaanza na kidole kidogo kabisa cha mwisho. Mmoja. Cha pete, wa pili. Cha kati, wa tatu. Wa nne – akainua cha shahada!

Kalamu yangu ikasimama.

Barua ya Wazungu inaanza kuhesabu kwenye dole gumba. Cha nne chao ni cha pete. Nzuki naye anahesabu kama Mutie, nimemwona mara mia akihesabu twiga zake. Cha nne chake ni cha shahada. Na cha tano, kile kisichokuwepo? Dole gumba. Mtu asiye na dole gumba hawezi kushika jembe. Haya, mzaha nimeuelewa. Siku kumi na saba baadaye.

Nilitafsiri "cha nne". Neno lenyewe ni sahihi! Sikusema tunaanzia wapi.

Jioni nilipita kwa Nzuki. Wote wawili wamekamilika, wanang'inia darini kwa kamba. Wazuri mno. Kucha zimekaa nyuma, mahali pa ngozi ya bawa, badala ya mbele. Nikasema wazuri mno. Nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 25 Agosti

Baada ya swala nilimweleza Mishi. Hakucheka, ndipo nikaogopa.

Akasema: "Baba Mwanamkasi, mwenzio anangoja kwenda Nairobi, nawe unangoja nini?"

Nikasema kesho.

Jumamosi, 26 Agosti

Kesho.

Jumapili, 27 Agosti

Nimemngoja Nzuki nje ya kanisa lao, mimi na kofia yangu ya kiua, waumini wote wakinipa salamu za matumaini. Nikamwambia yote njiani. Tukafika kwake. Akawatazama wale wanyama muda mrefu.

"Karani," akasema, "mtu anayeanza na dole gumba huwa anahesabu nini?"

Nikamwambia sijui. Vidole, labda.

Akaketi. Akautazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto. Akavipandanisha viganja, akavitenganisha, akavipandanisha tena. Nilidhani anaomba. Kumbe anapima! Akasema hakumpa mnyama mkono mbovu, kampa mkono wa kulia upande wa kushoto, na wa kushoto upande wa kulia. Kama mtu aliyevaa viatu kinyume. Hakuna cha kuchonga upya. Ni kuvibandua viganja na kuvibadilisha, basi!

Ila gundi. Tumeweka birika jikoni, mvuke unailegeza polepole. Mimi nashika, yeye anachokonoa vijiti. Nimeungua vidole viwili, cha pili na cha nne, kwa hesabu yoyote ile. Kufikia alasiri wa mkia mfupi alikuwa tayari. Kucha mbele, bawa nyuma. Sasa hata mimi naona alivyoweza kuruka.

Bado wa mkia mrefu. Gundi yake ni nene.

Jumatatu, 28 Agosti

Naandika nyuma ya wito wa mahakama, nimeketi juu ya gogo la Nzuki.

Bwana kafika saa mbili, tulimtegemea saa sita. Wa mkia mfupi alimzunguka mara tatu, akaguna kwa furaha, akagusa kile kijiti cha kifundo. Kisha akamgeukia wa mkia mrefu. Upande mmoja hana kiganja. Upande wa pili kiganja kipo, kile kibaya. Bwana akamsogelea. Akainua mkono wake mwenyewe, akahesabu. Dole gumba kwanza.

Akauliza kwa Kiingereza nani alimsomea mchongaji barua.

Nzuki akaniuliza kasema nini. Nikamwambia, neno kwa neno, ndiyo kazi yangu. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Mwambie nilijisomea mwenyewe," akasema. "Wewe una mahakama yako. Wakisikia karani kakosea kutafsiri, utakula nini?"

Nzuki! Hajui Kiingereza hata cha kusalimia!

Kabla sijafungua kinywa bwana alikwenda garini kuchukua kamera na karatasi zake. Nzuki amerudi kwenye birika, ananipa mgongo, anashikilia bawa juu ya mvuke kana kwamba hatukuzungumza. Kijiti kimoja kimelegea. Nimesikia mlio wake.

Miaka kumi na saba natafsiri kila neno ninaloambiwa, la kweli na la uongo. Nimeapa hivyo.

Mlango wa gari umefungwa. Anakuja, miwani juu ya paji la uso. Nitainua mkono wangu wa kulia, ule uliofungwa kitambaa, nimwonyeshe jinsi tunavyohesabu huku na jinsi wanavyohesabu kwao. Nitaanza na dole gumba. Moja: mimi, bwana –