Mpira wa Ishirini na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mwenyekiti wa klabu kanipa kazi. Chumba cha kubadilishia nguo kinapakwa rangi, na ukutani anataka ubao: viraka bora wa kriketi tangu klabu ianzishwe. Kiraka ni yule anayepiga na kurusha pia, si suruali yangu ya kazini. "Karani," kasema, "wewe ndiye mwenye vitabu." Kwamba nimeandika alama miaka ishirini na minne bila kushika gongo hata siku moja, hilo hakuligusa. Adabu.

Nimejiwekea kanuni. Kiraka asipimwe kwa kazi yake ya kwanza. Hiyo alizaliwa nayo, haina sifa. Apimwe kwa ile ya pili.

Mwalimu: mpigaji. Akirusha, mpira unafika kama barua ya serikali, umechelewa na haueleweki. Wiketi sitini na moja hata hivyo, yaani wapigaji sitini na mmoja aliowatoa! Watu walichoka kuungoja.

Dereva wa Lori: mrushaji wa kasi. Akipiga anafumba macho.

Fundi Saa, marehemu: mrushaji. Lakini kupiga kwake – utulivu mtupu, kama anafungua saa ya mtu na mwenye saa kasimama pembeni.

Mdogo wangu: mpigaji wetu bora sasa. Kurusha ni ziada, polepole, mkono wa kushoto.

Wamebaki hao wawili wa mwisho. Kulinganisha kupiga kwa mmoja na kurusha kwa mwingine ni kama kupima chumvi kwa rula. Nitapima.

Mke wangu kauliza kazi yake ya pili ni ipi. Nimenyamaza. Ndoa yetu ina miaka kumi na tisa kwa sababu ya kunyamaza.


Jumatano, 6 Machi

Nimetoka mapema stoo ya vipuri, kazini kwangu. Nimetandaza vitabu viwili mezani: msimu wa mwisho wa Fundi Saa, miaka ishirini na miwili iliyopita, na msimu wetu huu. Vyote mwandiko wangu. Mimi huandika kila mpira, hata usiozaa kitu – wenzangu hunicheka.

Mechi ya kwanza ya Fundi Saa: alikabili mipira kumi na minane. Mechi ya kwanza ya mdogo wangu: alirusha mipira kumi na minane. Sawa, hutokea.

Ila mikimbio, yaani alama za kila mpira, nayo ni ileile. Mpira kwa mpira. Sifuri penye sifuri, nne penye nne.

Mechi ya pili hivyohivyo. Ya tatu. Ya nne. Ya tano nimeisoma nimesimama.

Mtu mmoja anapiga, mwingine anarusha, katikati yao miaka ishirini na miwili. Na hesabu inakubali!

Fundi Saa alicheza mechi saba msimu ule. Sisi tumecheza tano. Nainakili hapa ya sita, niwe na ushahidi: 0 0 2 0 0 1 0 4 0 0 1 0. Mipira kumi na miwili.


Alhamisi, 7 Machi

Kazini nimehesabu bolti za gurudumu mara tatu, kila mara jibu jipya. Bosi kaniuliza kama ni homa.

Mechi ya saba ya Fundi Saa naikumbuka bila kitabu. Alikabili mipira ishirini na mitatu. Mrushaji alikuwa Dereva wa Lori. Siku hiyo klabu ilicheza yenyewe kwa yenyewe, wenye ndoa dhidi ya makapera. Kabla ya mpira wa ishirini na nne Fundi Saa aliinua mkono, akamsimamisha. Akamgeukia mlinda wiketi aliyekuwa nyuma yake, akamuuliza: huyu anayerusha kwa kushoto ni nani?

Dereva wa Lori hurusha kwa kulia. Walikuwa majirani, wamejuana tangu utotoni.

Tulicheka. Tulisema jua limemkolea. Dereva akarusha. Mpira haukumgusa Fundi Saa, mwamuzi aliapa, mlinda wiketi aliapa. Alianguka tu, taratibu, kama mtu anayeketi. Hakuinuka tena. Kwenye kisanduku cha mpira ule niliweka kitone cha wino, basi.

Mdogo wangu siku ile alikuwa na miaka tisa, nyumbani, anaumwa matumbwitumbwi.


Jumamosi, 9 Machi

Mechi ya sita. Wageni walikuja na karani wao, ana miayo kama kiboko.

Mdogo wangu akapewa ova mbili, mipira sita kila moja. Sifuri. Sifuri. Mbili. Sifuri. Kalamu ikawa inatangulia mpira, najua kitakachokuja.

Mpira wa tano: sifuri. Nikaandika moja.

Miaka ishirini na minne sijawahi kudanganya kitabu. Karani mgeni alikuwa kafumba macho, nami nikamsomea jumla yangu akaiandika bila kuuliza. Ova ya pili ikaenda vilevile kama nilivyoinakili. Lakini imevunjika, nilijiambia. Nimeivunja.


Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nimefungua kitabu cha zamani.

Mpira wa tano: moja.

Wino umefifia kama wa jirani zake. Jumla ya Fundi Saa imepanda kwa moja. Nimerudi kwenye shajara hii, Jumatano: sifuri, nimeiandika mwenyewe, iko palepale. Kitabu kinanikana.

Kumbe nikisukuma huku, kule kunasogea. Na kule kuna mtu.

Sijanywa chai.


Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia mdogo wangu. Alinisikiliza huku akifunga uzi kwenye mpini wa gongo lake. Kisha:

"Kaka, kwa hiyo niko timu moja na marehemu au timu tofauti?"

"Sifanyi mzaha."

"Wewe? Hapo ndipo naogopa."

Nikamwambia Jumamosi asirushe. Mechi ya saba, na kama ilivyokuwa ile, ni ya wenye ndoa na makapera. Nikamwambia sijui ataanguka nani, aliye upande huu wa mpira au aliye upande ule, ila mtu ataanguka. Akasema shemeji yake, yaani mke wangu, anilaze mapema. Lakini aliniahidi. Alinishika bega, akaahidi.


Ijumaa, 15 Machi

Nahodha wa makapera naye kaahidi. Nimemdanganya kuwa mdogo wangu ana bega bovu. Akasema hewala, warushaji anao watano, na Karani akiomba kitu mara moja kwa miaka yote hiyo, nani amnyime?

Mke wangu anasema nimepungua. Nimemwambia mkanda umepanuka.


Jumamosi, 16 Machi

Ninaandika kibandani mwangu, pembeni ya uwanja. Mvua imesimamisha mchezo. Niandike haraka.

Warushaji watano wa nahodha: mmoja hakuja, mmoja kaja na viatu vya harusini, mmoja misuli imemkaza baada ya ova moja, wawili wamemaliza ova walizoruhusiwa. Akamwita mdogo wangu. Nilipiga kelele kutoka hapa, nikapunga kitabu. Wote wakanipungia. Mdogo wangu akainua vidole vinne: ova nne tu, kaka.

Nimeandika mipira ishirini na mitatu. Sijakifungua kitabu cha zamani. Hakuna haja, najua kwa mgongo. Wa ishirini na tatu ulimtoa mtu wetu, wiketi ya tisa, na mvua ikashuka papo hapo kana kwamba imeitwa.

Umebaki mpira mmoja wa ova.

Mdogo wangu kaingia hapa amelowa. Hakuniuliza. Kavifungua vitabu vyote viwili mwenyewe, kaviweka sambamba, akapitisha kidole. Kidole kilipofika kwenye kitone cha wino kilisimama. Nikaona anavyopumua.

"Nani anaingia kupiga?" kaniuliza.

Mwalimu ndiye wa mwisho, na Mwalimu kavunjika kidole akidaka mpira asubuhi. Klabu ina desturi, haijatumika tangu niingie: timu ikipungukiwa, karani wake huvaa pedi, zile kinga za miguu, akaingia kupiga. Mimi ni mwenye ndoa. Nahodha wetu kashanitupia pedi mlangoni, anacheka hadi machozi.

Nikikataa, Mwalimu ataingia na kidole chake. Kashasema. Ni mtu wa kiburi.

Nilimwambia mdogo wangu ajifanye kaumia, mwingine amalizie ova. Akatikisa kichwa. "Nimwachie nani? Yule mwenye viatu vya harusi? Ana kosa gani? Angalau mimi najua."

Kisha nikakumbuka kanuni. Mpira wa waidi, unaopita mbali na mpigaji, hauhesabiki. Timu inayopiga inapewa mkimbio mmoja na mrushaji anarudia. Wenye ndoa tunahitaji mikimbio tisa tushinde.

"Waidi tisa," nikamwambia. "Mechi inakwisha. Wa ishirini na nne haurushwi kabisa."

"Watasema nimeuza mechi."

"Waseme."

Akacheka kidogo, macho yamejaa. "Kaka, tatizo."

Nalijua tatizo. Nimelitafuta kitabuni sasa hivi nikalihakiki. Miaka sita ya kurusha, waidi mbili tu: hajui kukosa. Hakuna kiraka wa klabu hii mwenye kazi ya pili iliyonyooka hivyo. Nilikuwa nimpe nafasi ya kwanza ubaoni.

Mvua imekatika. Mwamuzi yuko nje anakanyaga nyasi, anaonyesha dole gumba. Pedi ya kushoto nimeifunga kinyume, basi tena.

Mdogo wangu kaegemeza kiti changu cha plastiki kwenye ukuta wa kibanda, kahesabu hatua, anajaribu kukikosa. Mara ya kwanza kakigonga mguu. Mara ya pili mguu uleule. Sasa kafumba macho, kageuza uso kabisa pembeni. Amerusha –

Mguu uleule.

Wanatuita.