Paa Jeupe

Røros, Januari

Mpenzi Eivind,

Natumai huko baharini kwenye visima vya mafuta u mzima. Mimi sijambo, ila siwezi kutulia. Hata barua hii naiandika nimesimama.

Paa la sebule limekamilika. Mafundi wamejaza sufu ya kuzuia baridi hadi kileleni, wakaacha upenyo wa hewa chini ya mbao kama ulivyoagiza. Nyumba ina joto mpaka natembea bila soksi.

Jana jirani yetu Torgeir alibisha hodi, koleo la theluji mkononi.

"Shemeji, kumbe upo? Miaka yote theluji inayeyuka juu ya paa lenu, tunajua mna moto. Sasa imelala nene kama kwenye nyumba waliyohama watu. Mke wangu keshaanza kukulilia."

"Joto halitoki tena kupitia paani," nikamwambia.

"Na Eivind anarudi lini?"

Nikamkaribisha kahawa.

Ulisema utarudi Krismasi, sasa unasema Pasaka. Ukija, usiliamini paa. Litakuwa jeupe nikiwepo, na litakuwa jeupe nisipokuwepo. Piga hodi, usikilize kama kuna wa kuitika.

Mkeo,
Ragnhild