Mgeni Aliyeomba Jembe

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zako zimenifikia hapa Songea, na shikamoo yako nimeiitikia kwa sauti: marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Dada yako amejifungua mtoto wa kike, amefanana na wewe.

Umeniuliza nimeuonaje mwaka huu, maana babu yako ametutoka, na redio nayo kila siku inataja vita. Ulikuwa mgumu, sikufichi. Lakini mara nyingi nimemkumbuka mama mmoja.

Nilikuwa msichana kule Lusewa, wakati wa vita vya Msumbiji. Mama huyo alikuwa amevuka Mto Ruvuma na mtoto mgongoni, akalala kwetu. Asubuhi mama yangu akamwuliza, "Dada, tukusaidie nini?"

Nilidhani ataomba nguo. Akasema, "Nipeni jembe. Mvua zinakaribia."

Mama akashangaa. "Kwani hutarudi kwenu vita vikiisha?"

"Nitarudi. Lakini mpaka viishe, huyu atakula nini?"

Tukampa jembe na kipande cha shamba, nami nikamsaidia kupanda karanga. Siku nyingine alilima huku analia, na hakuacha kulima. Karanga zilipokomaa alituletea ungo mzima, tukazichemsha, akakaa na mama kibarazani wakicheka mpaka wakashika mbavu. Sikuwa nimewahi kumsikia mgeni wetu akicheka.

Na vita, mjukuu wangu, vilikuwa bado havijaisha.

Nakuombea heri huko uliko.

Bibi yako,
Somoe