Eva Asije Kucheza Kericho

Laini ya Tano,
Kericho.
Jumatatu, saa ya chakula.

Kwako Mama mpendwa,

Mirembe, amani kwako. Natumaini barua hii itakupata ukiwa umesimama kwa miguu yako, na ule wa kushoto haujaanza tena maneno yake ya wakati wa mvua. Baba mdogo Jotham amepunguza kukohoa? Ng'ombe alizaa salama? Mimi mwilini ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa baridi ya huku unaijua, na mvua ya mwaka huu imekataa kwenda kwao. Wewe hunicheka ati barua zangu ni salamu ukurasa mzima na habari mistari miwili. Leo ni kinyume. Kaa chini kwanza. Na kama anayekusomea ni Eva, mwambie asome mpaka mwisho, asirukeruke, hata akikasirika.

Nianze na neno lenyewe, sababu zitafuata. Eva asije huku. Kocha Barasa atafika hapo nyumbani wiki hii, Alhamisi au Ijumaa, kumchukua aje acheze mpira wa vikapu na timu yetu. Usimpe.

Najua utashangaa, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikiisifu timu hii mpaka mkachoka kunisikiliza. Na sikudanganya. Nilipokuja, kampuni ilituandika sisi wachezaji kama wafanyakazi wa kiwanda. Asubuhi tulichambua chai, saa tisa tukatoka kwenda uwanjani, mwisho wa mwezi mshahara ukaja kama wa mtu mwingine yeyote. Ukiugua unatibiwa. Unapewa nyumba kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, chumba chako na mlango wako. Wanawake wengine walikuwa shambani na kikapu mgongoni na plastiki kiunoni, mvua inawanyeshea, na sisi tunarusha mpira. Walituonea wivu kidogo, na nisiseme uongo, ningekuwa wao ningetuonea wivu zaidi. Kampuni ilifurahia tu jina lake kuonekana migongoni mwetu huko Nairobi na Kisumu. Hakuna aliyeuliza tunaleta nini.

Halafu akaja meneja mpya, na yeye akauliza. Alimwita Kocha ofisini akamwambia mpira wa miguu wa wanaume unajaza uwanja kila Jumapili, na watu wanaugombania mpaka Jumatano, lakini huu wa wanawake anaona unatazamwa na watoto, na vijana wanaokuja kucheka kaptura zetu. Hapo alikuwa na haki yake. Akasema atakuja mwenyewe Jumamosi na mgeni wake aone kama watu wanatupenda. Tukipendwa, timu itabaki. Tusipopendwa, basi.

Sasa sikiliza kosa lilivyofanyika, Mama, na lilifanywa na mtu mwema. Kuna nyapara wa wachumaji anaitwa mzee arap Bett, mtu wa Soin, ambaye binti yake Chepkoech ndiye aliyekuwa kapteni wetu. Asubuhi ya hiyo Jumamosi, alipokuwa akiita majina ya wachumaji kabla hawajaingia shambani, aliwaambia hivi: yeyote atakayekuja uwanjani mchana ataandikwa kama amechuma siku nzima, na atakayenyamaza ataandikwa hayuko. Alitaka kutuokoa. Alitaka binti yake abaki na kazi.

Watu walikuja, Mama. Walitoka laini zote, wengine na vikapu bado mgongoni, bibi wazee ambao hawajui hata tunarusha mpira upande gani. Tulipofunga, walipiga kelele. Tulipofungwa, walipiga kelele. Refa aliposimama kufunga kamba ya kiatu, walipiga kelele. Na mimi, mjinga wa watu, nywele zilinisimama. Tuliwapiga wapinzani wetu wa Kisumu vibaya sana, na mwisho wa mchezo nililia mbele ya watu wote, nikijua kwamba hatimaye wametupenda. Chepkoech alinishika bega akaniambia ninyamaze, nikadhani ni furaha imemzidi na yeye. Kumbe yeye alikuwa anajua.

Mgeni wa meneja alikuwa tajiri mmoja wa mjini, mwenye hoteli na pampu ya petroli. Hakutazama mpira sana. Alitazama watu, akawatazama tena, halafu akatutazama sisi mmoja mmoja, kama mtu anayenunua kuku sokoni. Meneja akashika spika akasema amefurahi kuona timu inapendwa namna hii, na timu inayopendwa hivi haina haja ya kulelewa na kampuni. Kuanzia mwisho wa mwezi tutatoka kwenye vitabu vya kiwanda. Tutakula pesa za mlangoni, watu walipe kiingilio kidogo, na palipo na upungufu, yule tajiri atakuwa mdhamini wetu. Nyapara alipigwa na butwaa, mikono ikabaki hewani, lakini watu walikuwa wamezoea kupiga makofi wakati huo, kwa hivyo wakapiga.

Utaniuliza mbona hatukusema ukweli, Chepkoech alipotueleza jioni ile. Tungesema nini? Mzee arap Bett angefukuzwa siku hiyo hiyo kwa kuandika siku za uongo, na ana miaka mingi hapa kuliko hiyo miti ya chai. Basi yeye alinyamaza kuokoa kazi yake, na sisi tukanyamaza kwa ajili yake. Nilisema moyoni, labda watu wameonja, watarudi.

Wiki iliyofuata walifunga kamba, wakaweka meza, Kocha akakaa na mkebe. Hakuja mtu. Na uwanja wetu uko chini ya kilima, Mama, mtu anaweza kusimama juu kwenye majani ya chai akatazama bure. Hata huko juu hawakusimama. Bibi mmoja alikuja mpaka mezani, akamuuliza Kocha kama leo pia siku yake itaandikwa. Kocha alisema hapana, bibi akageuka akaenda zake. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, halafu nikaenda kumsaidia Kocha kukunja kamba.

Sasa fahamu jambo moja la huku, kwa sababu mtu wa nyumbani hawezi kulijua. Kwenye shamba la chai, kazi na nyumba ni ulimi na mate. Kazi ikiisha, unarudisha ufunguo. Sisi tulipotolewa kiwandani tulipaswa kuhama, lakini tuliambiwa tukae, mdhamini atatulipia vyumba. Tulishukuru. Kuomba tuliomba na Mungu tukamshukuru, kanisani kabisa. Hatukuona kwamba sasa ufunguo umehama kutoka mfuko wa kampuni mpaka mfuko wa mtu mmoja.

Huyo mtu ametushonea jezi mpya zenye jina la hoteli yake, na kaptura fupi kuliko zile zilizokuwa zinachekwa. Anasema watu hawaji kwa sababu tumezeeka na watu wanataka sura mpya. Mimi, Mama, miaka ishirini na sita, nimezeeka. Kila Ijumaa gari lake linakuja kuchukua wachezaji wawili kwenda hotelini, ati kupokea wageni wa timu. Majina anachagua yeye. Kocha anayasoma tu, na siku hizi anayasoma akitazama chini. Ukikataa, chumba chako hakilipiwi. Wawili wa kwanza walirudi wakasema walibeba sinia na kucheka vichekesho visivyochekesha. Waliofuata hawakusema kitu, na sisi hatukuwauliza sana.

Halafu lilisomwa jina la Chepkoech. Aliondoka Ijumaa jioni akiwa ananitania kwamba atanifichia nyama kwenye leso. Alirudi Jumamosi asubuhi kwa miguu, peke yake. Nilimsalimia, hakuitikia. Alifua jezi yake, akangoja ikauke juu ya ua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya Kocha, akachukua kisanduku chake akaenda kwa mama yake Soin. Huyo ndiye msichana aliyekuwa akiongea mpaka refa anamwonya. Siku hiyo baba yake hakuita majina. Wachumaji walisimama kwenye mvua wakingoja, mpaka mtu mwingine akatumwa. Jana nilimkuta mzee njiani nikamuuliza Chepkoech anaendeleaje. Alisimama akanitazama kama hanijui.

"Usiniulize, binti yangu," aliniambia. "Watu wale ni mimi niliwaleta."

Sasa juu ya Eva. Unakumbuka alinitembelea wakati wa Krismasi, baada ya mtihani wa kidato cha nne. Alishika mpira kwa mchezo tu, urefu wa Baba, mikono ya Baba, akafunga mara tatu akiwa amevaa sketi ya kanisani. Kila mtu alisimama kumtazama. Gari la yule tajiri lilikuwa limesimama pale mlangoni pa uwanja. Aliuliza huyu ni nani, wakamwambia ni mdogo wake Truphena. Nilifikiri ameshasahau. Wiki iliyopita ameuliza tena, na safari hii amempa Kocha gari na petroli.

Kocha atakuja na majani ya chai na sukari na leso yako. Atasema huko Marekani wanawake wameanza kulipwa kucheza mpira huu, picha zao ziko magazetini. Sibishi, labda ni kweli, na Mungu awabariki. Lakini huko watu wanalipa mlangoni kwa sababu wanataka kuona, hawakuandikwa na nyapara. Atasema uwanja wetu ulijaa mpaka watu wakakosa pa kusimama. Hilo pia ni kweli, alikuwepo. Atakula ugali wako na kukuita Mama kama kawaida yake, na utamhurumia, kwa sababu si mtu mbaya. Nilimfuata nikamwambia usoni kwamba yule ni mdogo wangu, tumbo moja.

"Truphena," akasema, "nikirudi bila yeye, watoto wangu watalala wapi?"

Nina hasira naye na ninamhurumia, yote mawili, na usiku silali vizuri. Ndiyo maana barua hii siipeleki posta. Nitampa jirani yangu Mama Kadenge, anayekuja huko kesho kwenye matanga ya shemeji yake. Ameapa atakufikia kabla hajafika hata matangani.

Kuhusu mimi, utasema basi rudi nyumbani. Nitarudi, lakini nikirudi leo mikono mitupu, ada ya Eva ya ule ualimu wa chekechea anaosomea itatoka wapi? Nimekwenda kwa mzee arap Bett kumwomba kikapu. Amekubali kuniandika mchumaji, safari hii kwa haki, nikichuma naandikwa, nisipochuma siandikwi. Nitalala kwa Mama Kadenge mpaka nipate mahali. Vidole vitauma mwanzoni, nimeambiwa, lakini vidole vikiuma unajua ni nini kinauma. Nilitaka kuhama polepole, mwisho wa mwezi, bila kelele. Sasa haiwezekani, kwa sababu asubuhi ya leo Kocha amesoma majina ya Ijumaa hii na langu limo. Sitapanda lile gari, Mama. Siku hiyo nitaweka jezi yao mezani nikaingie shambani. Baada ya hapo sijui watafanya nini, na kusema kweli naogopa.

Msalimie Baba mdogo Jotham, umwambie akae hapo nyumbani Alhamisi na Ijumaa, asiende mnadani, mambo ya ng'ombe yangoje. Msalimie senge yetu, shangazi Rasoa, na yule mjukuu wake anayetembea upande upande. Msalimie pasta, aniombee bila kutangaza kanisani ni kwa nini. Mwambie Eva nampenda, na akitaka kurusha mpira, aurushe huko shuleni na watoto wake wa chekechea, mimi nitakuja kumpigia makofi bila kulipwa na mtu.

Na kuna hili, ambalo Eva ni lazima alisikie kwa masikio yake, kwa hivyo kama ni wewe unasoma, Eva, soma kwa sauti. Wanajua ananipenda. Akikataa leso na sukari, watakuja na maneno mengine. Watasema ninaumwa. Watasema nimelazwa hospitali na ninamwita yeye peke yake. Asije. Hata wakija kusema nimekufa, Mama, njoo wewe na Baba mdogo mnichukue, na Eva abaki nyumbani na mlango ufungwe.

Ni mimi mtoto wako anayekuheshimu,

Truphena