Sukari ya Wageni

Kwa Dada yangu mkubwa,

Shikamoo Dada. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni ya kawaida na hii ya pili ni ya kuomba radhi kwa kimya changu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, Shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua ukisimama muda mrefu jikoni hapo shuleni. Shemeji mwambie namsalimu sana, na vile viatu vyake vya kahawia asimpelekee fundi mwingine, ataviua. Sisi huku tunavuta pumzi. Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nikipiga simu hapa mtaa mzima unasikia, na wewe mwenyewe, usinune, ukisikia neno la kwanza tu unaanza kulia na mimi sipati nafasi ya kufika la pili.

Nianze na Mama. Mara ya mwisho nilikwambia kwamba sukari yake isiposhuka, kile kidonda cha mguuni hakitafunga, na kisipofunga daktari ataukata mguu chini ya goti. Nilikwambia harakaharaka, kama mtu anayetema shubiri. Sikukwambia Mama aliyapokeaje. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamshukuru, akamuuliza kama mkewe hajambo, tukatoka. Tulipofika nje ndipo akaniambia kwamba mguu ule alikuja nao duniani na ataondoka nao, na kama hospitali ina shida ya miguu ikatafute kwingine.

Basi tukaingia vitani. Mama aliapa kwamba hataonja sukari tena, akaapa mbele yangu na mbele ya jirani yetu yule tunayemwita Redio, kwa kuwa habari ikiingia kwake haikai. Kopo la sukari likapanda juu ya kabati, likawa la wageni tu. Na mimi nikaacha kutia sukari kwenye chai yangu ili Mama asipate tabu peke yake. Dada, chai isiyo na sukari ni adhabu! Mama alikuwa akiinywa huku ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemletea ugonjwa.

Lakini kila tulipokwenda kliniki, kipimo kiko juu. Muuguzi anayemsafisha kidonda, mama mmoja mnene mwenye mkono mwepesi, akawa anatikisa kichwa. Aliniuliza Mama anakula nini, nikamtajia kila kitu mpaka maji. Akasema ajabu. Daktari akaongeza dawa, kipimo kikabaki huko huko juu. Kidonda kikaanza kutoa harufu, na nyumba yetu unaijua, haina pa kukimbilia. Daktari akasema anatupa mwezi mmoja, baada ya hapo hatakuwa na la kufanya ila kukata. Siku zile nilikuwa nashona viatu vya watu huku machozi yanadondokea ngozi, wateja wakiniuliza nasema ni gundi.

Ndipo nikaamua kupigana kwa nilicho nacho. Fundi viatu hana dawa, lakini mguu anaujua. Nilimsimamisha Mama juu ya boksi, nikauchora mguu wake kwa penseli, nikaona kwamba kidonda kiko chini ya kidole gumba, pale pale anapoegemea akipiga hatua. Kila akitembea anakikanyaga. Nikamtengenezea kiatu cha soli nene ya sponji, nikakata shimo chini ya kidonda ili kisiguse kitu, nikaweka mikanda mipana ya ngozi laini. Sikupiga msumari hata mmoja, kazi yote ni sindano ya shazia na uzi. Nilikishona, nikakifumua, nikakishona upya mpaka roho yangu ikatulia. Mama alipokiona aliuliza kama ni kiatu au kitanda cha mtoto. Lakini alikivaa.

Na Dada, haukupita muda kipimo kikashuka! Tukarudi tena, kimeshuka zaidi. Harufu ikakata, nyama ya ndani ikawa nyekundu safi, kingo za kidonda zikaanza kusogeleana. Muuguzi akapiga makofi. Daktari akakichukua kiatu changu, akakigeuza huku na huku, akanipa mkono. Ala, kichwa kilivimba hicho! Redio naye akautangazia mtaa kwamba fundi amemponya mama yake kwa kiatu. Watu wakaanza kumiminika kibandani kwangu. Mzee mmoja aliuliza kama ninacho cha kutibu mgongo, na mke wa yule muuza mkaa akataka cha kumrudisha mumewe nyumbani mapema. Nilicheka nao, lakini usiku nilikuwa nalala nikijiona bingwa. Wiki iliyopita daktari akasema habari ya kukata imekwisha. Mguu unabaki, Dada. Sasa hivi ungemwona Mama, anakwenda mpaka dukani na kurudi, na njiani anagombana na watu kama zamani.

Sasa kaa kitako. Kama umekaa, kaa vizuri.

Moyo wangu ni mbovu. Nilianza kwa kukosa pumzi nikipanda ngazi za soko, nikasingizia gundi. Baadaye nikaanguka kibandani nyundo ikiwa mkononi, nikasingizia njaa. Nilikwenda hospitali peke yangu, wakanipima kwa mashine, wakasema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Wakanipa vidonge vya kunishikilia, wakasema dawa hasa ni kupasuliwa. Vidonge nilichukua. Kuhusu kupasuliwa nikasema nitarudi, na sikurudi. Nilijiuliza, mimi nikilazwa, nani atampeleka Mama kliniki? Wewe uko mbali na una kazi yako. Kwa hiyo nilikuficha, na Mama nikamficha zaidi, maana niliogopa habari yenyewe ingemmaliza. Najua utasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sema tu, nimestahili.

Vidonge nilivificha mahali ambapo niliamini Mama hawezi kutia mkono: ndani ya kopo la sukari ya wageni, chini kabisa, nimevifunga kwenye nailoni. Nikajiona mjanja. Kumbe Mama alikuwa anatia mkono mle kila siku! Nikishatoka tu kwenda kazini, yeye na mguu wake ule mbovu anavuta stuli, anapanda, anachota, anakoroga chai yake kwa raha zake. Na Redio, shahidi wa kiapo, ndiye aliyekuwa anamshikia stuli. Nchi nzima anaitangazia, hilo moja akaweza kulificha.

Siku moja kijiko kikagonga nailoni. Mama alitaka kuniuliza, lakini angeniulizaje bila kueleza mkono wake ulifuata nini kwenye kopo? Akachukua kidonge kimoja, akakifunga kwenye pindo la nguo yake, na tulipokwenda kliniki akasubiri nitoke nje ndipo akamwuliza muuguzi ni cha nini. Muuguzi akamwambia ni cha moyo, na mwenye nacho asiruke hata siku moja. Nyumba yetu ina watu wawili, Dada. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Haya yote amenieleza mwenyewe, siku ile ile tuliporudi na habari njema ya mguu. Aliniambia nikae, akanimwagia yote. Akasema tangu siku ya kile kidonge hajaonja sukari hata punje. Kiatu ni kizuri, akasema, nisinune, kinampa raha na atakivaa, lakini kilichoshusha kipimo si kiatu. Alisema kwa ajili ya mguu wake mwenyewe alishindwa kuacha sukari. Alijaribu, akashindwa, na moyoni alishakubali ukatwe, mbele yangu alikuwa anajitutumua tu. Lakini alipojua mimi naumwa, aliwaza siku nitakayopasuliwa, nizinduke peke yangu, na yeye awe kitandani hawezi kusimama. Hilo, akasema, lilimshinda kabisa kulikubali.

Nililia, Dada. Mwanaume mzima, nimelaza kichwa mapajani mwa mama yangu, na yeye ananipigapiga mgongoni huku ananitukana. Aliniita mjinga, kichwa maji, mtoto wa baba yake. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nicheke.

Jana alinipeleka hospitali. Ndiyo, yeye alinipeleka mimi, akitangulia mbele. Alimwambia daktari wa moyo kwamba mgonjwa aliyetoroka amerudi na hataondoka bila tarehe. Nimepewa mwanzo wa mwezi ujao. Daktari anasema watu wengi hutoka salama na kurudi kazini, na amenipa matumaini makubwa, ila hakuniapia. Mimi nimeyashika hayo matumaini kwa mikono miwili, lakini ukweli ni kwamba naogopa. Nikiwa na kiatu mkononi sijambo, nikikiweka chini naogopa. Nakuomba uje. Mama anasema anaweza peke yake, wala hawezi. Kidonda hakijakauka sawasawa, na akiwa na wasiwasi husahau kula. Njoo umwangalie yeye, ili yeye aniangalie mimi.

Nisalimie watoto, waambie mjomba wao anawakumbuka. Nisalimie na wenzako wa jikoni. Redio anakusalimu, na ameahidi hatamwambia mtu, kwa hiyo usishangae salamu za pole zikikufikia kabla ya barua hii. Mama anakusalimu sana. Yupo hapa mbele yangu, kila mara ananiuliza nimefika wapi. Anasema usije na machozi, uje na nguo za kukaa. Jana muuguzi wa wodi alimweleza kwa heshima zote kwamba kule hawaruhusu mtu kukaa na mgonjwa usiku. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamwuliza viti huwa wanaviweka wapi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Fundi